Koti la mlimani "rafiki wa mazingira" ni lipi hasa?

Tangu Januari 1, 2026 ni marufuku nchini Ufaransa kuuza nguo na viatu vipya vilivyotiwa kundi la kemikali za kufukuza maji na mafuta liitwalo PFAS, isipokuwa aina chache zilizoruhusiwa na sheria. Jimbo la California huko Marekani lilitangulia mwaka mmoja, Januari 2025, ingawa makoti ya kukabili mvua kali limeyapa muda hadi 2028, kwa sharti kwamba yawe na maandishi yanayomwambia mnunuzi kuwa kemikali hizo zimo. Habari hizi zimefika huku kwetu vipandevipande, na kila kipande kimezaa swali lake. Koti la mtumba nililonunua soko la Memorial pale Moshi ni sumu? Makoti mapya yasiyo na kemikali hizo yanavuja? Na lile lililoandikwa kwamba limetokana na chupa zilizorejelezwa, ndilo la kununua?

Majibu yapo, ila usiyatafute kwenye lebo. Lebo husema jambo moja, na mara nyingi ni lile ambalo muuzaji angependa ulisikie. Umoja wa Ulaya wenyewe umeliona hilo: sheria yake inayoanza kutumika Septemba 27, 2026 inakataza kampuni kuandika maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho.

Hapa nitalishika koti la mvua la mpanda mlima, kwa sababu karibu kila ugomvi unaohusu vifaa vya mlimani umo ndani yake. Mahema, viatu na kamba tutavigusa njiani.

Kwanza tukubaliane maneno mawili. Nikisema kifaa kinadumu, maana yangu ni kwamba kinaendelea kufanya kazi yake kwa miaka mingi, kikiwemo kipindi cha baada ya kuharibika mara ya kwanza na kutengenezwa. Nikisema uendelevu, naangalia hesabu nzima: mafuta, maji, umeme na kemikali zilizotumika kukitengeneza, kisha miaka ambayo gharama hiyo inagawanywa, kisha mahali kinapoishia. Lebo nyingi huzungumzia sehemu ya kwanza tu ya hesabu hiyo, na hata hiyo nusunusu.

Kazi mbili zinazogombana

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huanzia getini, kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu ambao mvua yake haipigi hodi. Siku chache baadaye yuko kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, akisubiri usiku wa manane aanze safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu yuleyule aliyetokwa jasho msituni akiwa na fulana atajikuta kileleni kwenye baridi ya nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri.

Sasa mvalishe yule mtu koti la plastiki tupu, lile linalouzwa barabarani mawingu yakitanda. Mvua haitaingia. Lakini mwili unaopanda mlima hutoa mvuke mwingi wa jasho, na mvuke huo hauna pa kutokea. Unagandia upande wa ndani na kuwa maji. Jioni ikiingia, shati limelowa chepechepe, na nguo mbichi humpoza mtu upesi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana waongozaji huwakataza wageni kupanda na jinzi na fulana za pamba: pamba hunyonya maji na haikauki.

Kwa hiyo koti la mlimani limepewa kazi mbili zinazogombana: lizuie maji ya nje yasiingie, huku likiachia mvuke wa ndani utoke. Kazi hiyo hufanywa na tabaka tatu zilizobandikwa pamoja. Nje kuna kitambaa cha nailoni au poliesta kinachopambana na miba, mawe na mikanda ya begi. Ndani kuna bitana nyembamba. Katikati, pasipoonekana, kuna utando.

Utando uliobadilisha biashara hii ulipatikana mwaka 1969 nchini Marekani. Robert Gore alikuwa akijaribu kurefusha vijiti vya plastiki iitwayo PTFE, hiyohiyo inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Alivipasha moto, akavivuta polepole kwa uangalifu, vikawa vinakatika. Mwishowe akakivuta kimoja kwa nguvu, ghafla, nacho kikarefuka mara kadhaa bila kukatika, kikabaki kimejaa hewa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kampuni yake hueleza kwamba kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Tone linakwama, mvuke unapita. Kitambaa chenye utando huo, kwa jina la Gore-Tex, kiliingia sokoni mwaka 1976.

Utando peke yake hautoshi. Kitambaa cha nje kikilowa na kutota, maji hutanda juu yake kama blanketi na kuziba njia ya mvuke. Kwa hiyo kitambaa hicho hupakwa dawa ya kufukuza maji. Ukitaka kujua dawa hiyo inafanya nini, mwagia maji jani la mgimbi. Maji hayasambai, yanajikusanya kuwa vitone vya mviringo na kuporomoka, na jani linabaki kavu kana kwamba halijaguswa. Dawa ya koti inaiga tabia hiyo, na tofauti yao ni kwamba mgimbi huota jani jipya, lakini dawa ya koti huchakaa kwa msuguano, jasho, vumbi na moshi wa jikoni.

Hapa ndipo ulipo uongo wa kwanza wa kuondoa. Watu wengi husema koti lao "limeanza kuvuja" baada ya msimu mmoja au miwili. Mara nyingi utando uko salama kabisa. Kilichokufa ni dawa ya juu: kitambaa kimetota, mvuke umekosa pa kutokea, na maji unayoyahisi mgongoni ni jasho lako mwenyewe. Koti linahukumiwa kwa kosa ambalo halikutenda, linatupwa au linaingia kwenye marobota ya mitumba.

Tiba yake ni kufua, jambo ambalo watu huliogopa wakiamini kwamba maji na sabuni vitaliua koti. Ni kinyume. Uchafu na mafuta ya ngozi ndivyo vinavyoliua. Tumia sabuni ya maji isiyo kali, kiasi kidogo, usiweke kabisa ile dawa ya kulainisha nguo, suuza mpaka povu liishe. Likikauka, lipashe moto kidogo. Kama huna mashine ya kukaushia, pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine ulichokitandaza juu ya koti. Moto huiamsha dawa iliyobaki. Matone yakigoma kujikusanya hata baada ya hapo, zipo dawa za kupulizia au za kufulia zinazorudisha kinga hiyo.

PFAS: kilichokatazwa na sababu yake

PFAS ni familia ya kemikali maelfu kwa maelfu ambazo ndani yake kaboni imeshikana na florini. Mshikano huo ni miongoni mwa mishikano imara zaidi inayojulikana katika kemia. PTFE ya ule utando wa Gore imo katika familia hii, pamoja na dawa ya kufukuza maji ya makoti ya zamani. Kwa mtengenezaji wa nguo ni neema: maji yanateleza, mafuta yanateleza, matope yanateleza, na dawa haiharibiki haraka. Kwa mazingira ni balaa kwa sababu ileile. Vijidudu vya udongoni haviwezi kuivunja, jua halifui dafu, na ndiyo asili ya jina la utani "kemikali za milele". Baadhi ya wanafamilia wake, hasa zile za zamani zilizochunguzwa sana, zimehusishwa na madhara ya kiafya, ikiwemo saratani ya figo, lehemu (kolesteroli) kupanda na chanjo kupungua nguvu.

Mwaka 2015 timu za shirika la Greenpeace zilikwenda kwenye milima ya mbali katika mabara matatu, zikachukua theluji na maji ya maziwa, na kuzikuta kemikali hizo hata mahali ambapo hakuna kiwanda. Wengine walilielewa vibaya tukio hilo, wakadhani kila mpandaji aliacha sumu kwa kulipitisha koti lake tu. Sehemu kubwa ya kemikali hizi husafiri na hewa na maji kutoka viwandani, kwenye bidhaa za kila aina na kwenye madampo. Hata hivyo ilikuwa aibu kwa kampuni zinazouza picha za vilele vyeupe.

Je, koti la mtumba litakudhuru kwa kulivaa? Njia kuu zinazotajwa za kemikali hizi kuingia mwilini ni maji ya kunywa na chakula. Kero ya koti iko zaidi kiwandani lilikotengenezwa, na mwisho wake litakapotupwa. Kwa hiyo kulitupa koti zima ili ununue jipya "lisilo na PFAS" ni hasara mara mbili: la zamani linawahi dampo, jipya linawasha mitambo upya. Livae mpaka lichoke. Jambo moja tu la kukatazana vikali ni kulichoma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, tabia ambayo tunayo sana. Moto wa shimoni hauna joto la kuzimaliza kemikali hizo. Unazipandisha hewani pamoja na moshi wa plastiki.

Swali la kuvuja lina jibu lenye pande mbili. Tangu mwaka 2022 Gore wenyewe walianza kuuza utando mpya wa plastiki ya polithini usiotumia florini, na Patagonia, kampuni ya Marekani ya nguo za mlimani, ni miongoni mwa zilizotangaza kuziacha kemikali hizo kwenye bidhaa zote mpya kufikia 2025. Utando mpya unazuia mvua vizuri. Tofauti iko kwenye dawa ya juu: ya sasa inafukuza maji lakini haifukuzi mafuta. Mafuta ya kujipaka dhidi ya jua, jasho la shingoni, mafuta ya kupikia yanayoruka kwenye hema la jikoni, yote yanashika na kubaki. Koti jipya linataka kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko la zamani. Asiyeambiwa hivyo dukani atarudi baada ya miezi kadhaa akilalamika kwamba mazingira yameokolewa kwa kumlowesha yeye.

Chupa iliyogeuka koti

Poliesta ni plastiki. Si "inafanana na" plastiki. Ni plastiki ileile ya chupa ya maji ya kunywa, iliyoyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, Kenya ikiwa imetangulia Agosti 2017, na hadi leo mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hutakiwa kuiacha mifuko yake ya plastiki. Kisha anapita akiwa amevaa plastiki kilo mbili, kuanzia kofia hadi soksi. Silisemi hili kwa kumcheka. Nalisema kwa kuwa wengi hawajui.

Mwaka 1993 Patagonia ilianza kutengeneza nguo zake za manyoyamanyoya, zile tunazoziita flisi, kwa kutumia chupa zilizorejelezwa, na leo karibu kila kampuni hufanya hivyo. Ni jambo jema kadiri yake: mafuta ghafi machache yanachimbwa, na nishati ya kiwandani inapungua. Lakini chupa safi inaweza kurudi kuwa chupa tena. Ikishageuzwa koti, likachanganywa na uzi wa kuvutika, likabandikwa utando kwa gundi, likashonewa zipu ya plastiki nyingine na vifungo vya chuma, hakuna kiwanda cha kawaida kitakacholitenganisha. Safari imeishia hapo. Maneno "limerejelezwa" yanaeleza lilikotoka, hayasemi chochote kuhusu linakokwenda.

Tena kuna nyuzinyuzi. Flisi hupukutisha vipande vidogo sana vya plastiki ikivaliwa na ikifuliwa, iwe imetokana na chupa au na mafuta mapya. Watafiti waliochambua theluji ya Mlima Everest walikuta chembechembe za plastiki hadi mita 8,440, karibu kabisa na kilele, na nyingi zilikuwa nyuzi za poliesta, malighafi ileile ya nguo na vifaa vya wapandaji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020.

Basi turudi kwenye vitu vya asili? Kwa sehemu, ndiyo. Sufu nzuri ya kondoo ikivaliwa karibu na ngozi huleta joto hata ikiwa na unyevu na hainuki upesi. Hata pamba, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, ina ndugu mmoja wa ajabu: kitambaa cha Ventile, kilichobuniwa Manchester wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya marubani wa Kiingereza walioanguka baharini. Kimefumwa kwa kubana kiasi kwamba kikilowa nyuzi zake hufura na kuziba mianya. Bado kipo, na wapo wanaokipenda kwa kutembea kwenye baridi kavu. Ila kikilowa kinakuwa kizito na kigumu, na uzito ndio unaotuleta kwenye sehemu ambayo makala nyingi za Ulaya huiruka.

Unene si udumu

Mtu akisikia "kifaa cha kudumu" hufikiria turubai nene la jeshi. Hema la namna hiyo litaishi miaka mingi kweli. Swali ni nani atalibeba. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na kikomo hicho kiliwekwa kwa sababu. Kila gramu ambayo mbunifu anaiongeza kwa jina la uimara inaishia kwenye shingo ya mtu. Upande wa pili, zile nguo za gramu chache zinazosifiwa kwa wakimbiaji wa milimani huchanika kwa kuguswa na mwamba. Mbunifu mzuri hachagui upande. Anaweka nguvu mahali panapochakaa na kupunguza mahali pengine. Mabegani, mkanda wa begi unaposugua, pawe na kitambaa kizito kisicho na mshono. Matakoni na magotini hivyohivyo. Kwapani pawe pembamba, na pawe na zipu ya kupitishia hewa.

Vilevile kila kitu kina adui wake. Adui mkubwa wa hema la kambini si upepo, ni jua. Mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila upandapo mita 1,000, na hema la kampuni ya utalii husimama juani msimu mzima. Nailoni, ambayo ni imara kuliko poliesta kwa kuvutwa, huoza upesi zaidi kwa jua. Kwa hiyo hema "imara" la nailoni linaweza kumfaa Mjerumani anayelala nje wiki mbili kwa mwaka na lisiifae kampuni ya Moshi inayolisimamisha kila wiki.

Adui wa tabaka la ndani ya hema na begi ni unyevu na joto. Tabaka la plastiki ya poliurethani lililopakwa ndani kuzuia maji huvunjika taratibu likikutana na unyevunyevu. Ukilifungua hema la zamani ukakuta linanata kama ubani uliotafunwa na kunuka vibaya, ndiyo hiyo. Halikutumika sana, lilihifadhiwa vibaya, pengine likiwa bichi, pengine stoo yenye joto. Mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa wanalijua tatizo hili kuliko wabunifu wa Munich.

Kwenye makoti na mabegi, kinachokufa kwanza karibu kila mara ni zipu. Na kwenye zipu, mara nyingi kilichokufa ni kichwa chake kilichopanuka kwa kutumika, meno yakiwa mazima. Kichwa kipya ni kitu kidogo sana, fundi hukibadilisha dakika chache. Tatizo linaanza pale mbunifu alipoificha zipu ndani ya gundi na utepe ili koti lipendeze, kiasi kwamba kuibadilisha kunadai koti zima lifumuliwe. Ukitaka kujua kama mtu aliyebuni koti alifikiria miaka kumi ijayo, angalia kwanza mwisho wa zipu: pana mshono ambao fundi anaweza kuufungua, au pameyeyushwa? Kisha angalia klipu za plastiki za begi. Zipo zinazopachikwa kwenye mkanda bila kushona, zikivunjika unaweka nyingine ukiwa kambini. Zipo zilizoshonewa ndani. Ikivunjika moja, begi zima linakwenda kwa fundi. Fito za hema za alumini zinauzwa vipande vya akiba? Hivi ndivyo vipimo vyangu, na havijawahi kuandikwa kwenye lebo.

Kampuni iliyoiua bidhaa yake

Mfano ninaoupenda zaidi katika historia ya vifaa hivi hauhusu kitambaa. Yvon Chouinard, mhunzi na mpanda miamba wa California aliyekuja kuanzisha Patagonia, alijipatia jina kwa kutengeneza misumari ya chuma kigumu ambayo wapandaji waliipigilia kwenye nyufa za mwamba na kuing'oa walipopita. Ilikuwa bidhaa bora: imara, inatumika tena na tena. Kwa kipimo cha udumu peke yake ilistahili tuzo. Lakini kila kupigilia na kung'oa kulimega mwamba, na nyufa za Yosemite, bonde la miamba huko California, zilianza kuharibika mbele ya macho ya watu waliozipenda. Mwaka 1972, misumari ikiwa ndiyo tegemeo kubwa la biashara yao, Chouinard na mwenzake walichapisha katalogi iliyowasihi wateja waiache, watumie vipande vya alumini vinavyopachikwa kwenye ufa kwa mkono na kutolewa kwa mkono. Nyundo ikawa haihitajiki.

Naileta hadithi hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho neno "kudumu" haliwezi kukibeba peke yake. Msumari ulidumu, mwamba ndio haukudumu. Pia kwa sababu mambo hayakubaki safi hivyo daima. Novemba 2011 Patagonia, kampuni ya Chouinard huyohuyo, ilitoa tangazo kwenye gazeti la New York Times likiwaomba watu wasinunue koti lake, likitaja lita 135 za maji zilizotumika kulitengeneza. Mauzo ya kampuni yaliendelea kupanda. Unaweza kuiamini nia na bado ukaona kwamba kuombwa usinunue nako kunauza.

Mmiliki wa pili

Wabunifu huko Ulaya na Marekani wanamjua mteja wao wa kwanza kwa undani: umri wake, mshahara wake, rangi anazozipenda. Wa pili hawamjui. Na kwa vifaa vya mlimani, wa pili na wa tatu mara nyingi yuko huku. Mgeni akishuka kutoka kileleni humwachia mpagazi koti lake. Maduka ya kukodisha vifaa ya Moshi na Arusha yamejaa makoti yaliyoanza maisha Bergen au Denver. Shirika la kutetea wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, nyingi zikiwa za msaada. Halafu kuna marobota, Gikomba kwa wenzetu wa Nairobi, Memorial kwa Moshi.

Mgumu mmoja, kama wapagazi wanavyojiita, anaweza kulivaa koti hilo safari nyingi kwa mwaka, wakati aliyelinunua mwanzo alilivaa likizo moja. Hesabu ya uendelevu niliyoitaja mwanzoni, ile ya kugawa gharama kwa miaka ya matumizi, kwa kiasi kikubwa inakamilikia mgongoni kwake. Lakini hakuna aliyelibuni koti kwa ajili yake. Maelekezo ya kufua yamechapwa kwa alama ambazo hazielezeki bila mashine. Dhamana ya matengenezo inamtaka alitume Oregon. Ufaransa, tangu Novemba 2023, kuna mpango unaowapunguzia watu bei ya kutengeneza nguo na viatu kwa mafundi waliosajiliwa. Ni sera nzuri, na inaishia mpakani.

Kilichopo huku ni fundi cherehani, na uwezo wake ni mkubwa, ila koti la tabaka tatu lina mtego wake. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kiwandani mishono huzibwa kwa utepe wa gundi unaobandikwa kwa moto upande wa ndani. Fundi akishona kiraka vizuri kabisa bila kuziba matundu, koti litavuja mahali pale na yeye ataonekana hajui kazi. Dawa ni kuomba kiraka cha kubandika kwa mipasuko midogo, na pale panapolazimu kushona, kupaka gundi ya mishono ya hema kwa ndani. Kampuni ambayo ingetaka kweli kuitwa endelevu ingeweka kipande cha utepe na kichwa cha zipu cha akiba ndani ya mfuko wa koti. Gharama yake ni ndogo kuliko lebo yake ya kijani.

Kuhusu misaada, niseme wazi: kumpa mpagazi koti lililokwisha ni kumhamishia taka. Kabla ya kutoa, limwagie maji uone.

Viatu na kamba

Kuna vitu viwili ambavyo huruma ya kuviokoa inaweza kuua.

Buti nyingi za mlimani zina soli ya kati ya poliurethani, plastiki ileile inayonata kwenye mahema. Nayo huvunjika kwa unyevu, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Ndiyo maana buti ya mtumba inayong'aa, ngozi safi, meno ya soli hayajalika, huweza kuachia soli nzima siku ya pili njiani. Ikunje kwa nguvu na ubonyeze soli ya kati kwa kidole gumba: ukiona mipasuko au unga unapukutika, iache. Kubandika soli mpya juu yake hakusaidii, kwa kuwa gundi inashika unga. Buti ambazo soli yake imeshonewa kwenye ngozi ni ghali na nzito zaidi, lakini fundi viatu anaweza kuzifumua na kuziwekea soli nyingine mara kadhaa.

Kamba za kukwea na mikanda ya usalama hazinunuliwi mtumba, hazirithiwi kwa mtu usiyejua historia yake, wala hazipelekwi kwa fundi. Nailoni iliyochoshwa na jua au kuguswa na asidi ya betri haionyeshi kwa macho. Watengenezaji wengi husema ikitimiza miaka 10 iondolewe kazini, hata kama haijawahi kutumika. Ukiitoa kazini, ikate vipande vifupi visivyozidi urefu wa mkono kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akadhani bado inambeba.